Mpigaji wa softiboli hufundishwa mzunguko wa gongo kiungo kwa kiungo, au hujengwa mwili kwanza?

#1 BabaNeema

Salamu wanajukwaa. Naishi Columbus, Ohio, na binti yangu ana miaka 13. Anacheza softiboli ya urushaji wa kasi, ile ambayo mrushaji huzungusha mkono kwa chini na kuuachia mpira usawa wa nyonga, na mwaka huu amepanda kutoka kundi la walio chini ya miaka 12 hadi la walio chini ya miaka 14. Tukiuweka mpira juu ya kisimamio nyuma ya nyumba, anaupiga mpaka wavu unavuma na jirani anachungulia. Akisimama mbele ya mrushaji wa kweli, mipira yake yote hutambaa chini hadi kwa mlinzi aliye kati ya beisi ya pili na ya tatu, kana kwamba wameagana.

Kinachonisumbua ni kwamba ana walimu watatu na kila mmoja ana dini yake. Kocha wa timu anamtaka azungushe mguu wa nyuma kama anayeponda mende. Mwalimu wa kulipwa, ambaye kila wiki tunampelekea dola 50 kwa nusu saa, anamwambia apige kwa kushuka kama anayepasua kuni. Binamu yake aliyecheza chuoni anamwambia ayasahau yote hayo, atangulize kiuno na kulipandisha gongo. Mimi nilikulia Mbeya, nikacheza kandanda nikiwa zaidi benchi kuliko uwanjani, kwa hiyo mchango wangu katika mchezo huu ni usafiri tu. Naomba wanaoufahamu wanieleze: je, umbo la mpigo hufundishwa kiungo kwa kiungo, au mtoto hujengwa awe mwanamichezo kwanza, mpigo ukajipata wenyewe?

#2 MwalimuWaZamu

Nafundisha sekondari upande wa magharibi mwa Kenya, na wasichana wangu hucheza raundaz, si softiboli, lakini nadhani jibu liko mahali ambapo sote tumewahi kusimama. Kila aliyesoma shule zetu amefyeka nyasi kwa slasha. Mnakumbuka kwamba wale waliofyeka kwa mikono peke yake walikuwa na malengelenge kabla ya kengele ya saa nne, ilhali wale waliotoka mashambani walipanua miguu, wakalegeza mabega, wakakiacha kiuno kiupeleke mkono na mkono uipeleke slasha. Hakuna mwalimu aliyewafundisha pembe ya kiwiko. Walifyeka kwa miaka mingi, na uchovu ndio uliowanyoosha. Kwa hiyo mimi niko upande wa kuujenga mwili kwanza.

#3 FundiMizani

Mwalimu, mfano wa slasha ni mzuri, ila nyasi hazikusogelei. Naomba tuanze na mpira wenyewe kabla ya kufika kwa mtoto.

Kwa umri huo mrushaji husimama futi 43, yaani mita 13.1, kutoka kwenye kibao kilichowekwa ardhini anaposimama mpigaji, lakini kwa kuwa hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuachia, mpira husafiri takribani mita 11 tu. Tuchukue kasi ya kilomita 85 kwa saa, ambayo si ya ajabu kwa wasichana wa umri huo: mpira utafika chini kidogo ya nusu sekunde. Katika muda huo mvutano wa dunia huuangusha zaidi ya mita moja, kwa hiyo mrushaji hana budi kuurusha ukielekea juu kidogo ili ufike ukiwa hai. Ukipiga hesabu kwa mpira ulioachiwa sentimita 60 kutoka ardhini na kuvuka kibao kwenye sentimita 70, bila kuhesabu hewa wala msokoto, utaona kwamba unafika ukishuka kwa digrii 5 hivi. Mpira wa juu, unaovuka kifuani, hufika ukishuka kwa digrii 3.

Sasa gongo linaloshuka na mpira unaoshuka hukutana kwenye nukta moja tu, kama njia mbili zinazokatizana. Gongo linalopanda kwa digrii hizo hizo 5 hukaa kwenye njia ya mpira kwa urefu wa kutosha kusamehe kosa la muda. Mpira una kipenyo cha sentimita 9.7 na gongo haliruhusiwi kuzidi sentimita 5.7, kwa hiyo msamaha wowote ni wa kupokea kwa mikono miwili. Mwalimu wa kuni, kwa hesabu hii, amekosea, na binamu yuko karibu zaidi na ukweli. Ted Williams, aliyemaliza msimu wa 1941 wa besiboli kwa wastani wa upigaji wa .406, yaani mipigo iliyofaulu kama mara nne katika kila kumi, alihubiri jambo hilo hilo la kupandisha kidogo, na hakuhitaji kikokotoo.

#4 KochaMsaidizi_TX

Ahsante FundiMizani kwa hesabu, lakini nina ubishi mdogo. Nimesaidia kufundisha timu ya wasichana hapa Texas kwa misimu sita, na nimejifunza kwamba maneno ya kocha na kitendo cha mwili si kitu kimoja. Mwambie mtoto anayelidondosha gongo nyuma ya bega apandishe, naye atapiga mpira wa kwenda mbinguni na kurudi. Mwambie huyo huyo apasue kuni, naye ataona anashuka, ilhali video inaonyesha kwamba gongo linapanda kidogo kama inavyotakiwa. Inawezekana mwalimu wa kuni anajua anachokifanya kwa mtoto mmoja, kisha akakosea kumpa kila mtoto dawa hiyo hiyo.

Kuhusu mende nasimama imara zaidi. Agizo hilo ni la zamani sana huku Marekani, na madhara yake nimeyaona kwa macho yangu. Mtoto husimama uzito wote ukiwa mguu wa nyuma, akausokota mguu huo palepale, na hakuna kilichosafiri kwenda mbele. Tazama wapigaji wakubwa katika mwendo wa polepole: wakati gongo linagusa mpira, mguu wa nyuma umeshapoteza uzito, kisigino kiko juu, mara nyingine ncha ya kiatu inaburuzwa mbele au inaning'inia kabisa. Kuzunguka kwa mguu wa nyuma ni matokeo ya nyonga kuzunguka, na anayeanza na mguu ameianza hadithi kwa ukurasa wa mwisho.

Utaratibu ninaoufahamu ni kwamba mguu wa mbele hutua na kukaza kama nguzo, nyonga ikaanza kufunguka huku mabega yakiwa bado yamefungwa, kifua kikafuata, kisha mikono, na gongo likaja la mwisho kama ncha ya mjeledi. Kila kiungo kinapopunguza mwendo hukipa kinachofuata mwendo wake. BabaNeema, una video? Nataka kuona kiwiko cha nyuma tu.

#5 BiTanga

Samahanini kwa kuingilia mambo ya mjeledi na digrii. Je, mtoto amepimwa macho? Wa kwangu alikuwa mpigaji hodari wa mpira uliosimama na kipofu wa mpira unaokuja, tukamlipia mafunzo miezi minne. Siku moja ndani ya gari nikamwomba anisomee kibao cha barabarani, akanijibu kuwa hakioni. Miwani ilimaliza nusu ya tatizo. Nusu iliyobaki ni kwamba hapendi mazoezi.

#6 Nagoya_kwa_Muda

Niliishi Nagoya karibu na shule moja ya wasichana, na nataka kuutetea upande wa kiungo kwa kiungo, kwa sababu naona slasha imependwa mno. Wajapani wana zoezi wanaloliita "suburi", la kuzungusha gongo hewani bila mpira wowote. Kila jioni niliwasikia wasichana wakihesabu kwa sauti moja, nami nikiwa nakatakata vitunguu. Nilihesabu pamoja nao hadi 200, nikawaacha wakiendelea. Nilipokwenda kutazama, mwalimu alikuwa akipita katikati ya mistari, akikisogeza kiwiko cha huyu kwa vidole viwili, akigusa goti la yule, bila kusema neno.

Nchi hiyo iliifunga Marekani 3–1 kwenye fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, ikaifunga tena 2–0 Tokyo mwaka 2021. Marekani walikuwa wamechukua dhahabu zote tatu za kabla ya hapo, 1996, 2000 na 2004. Mtu akiniambia kwamba urudiaji wa umbo ni kupoteza wakati, nitamwomba anieleze matokeo hayo.

#7 KochaMsaidizi_TX

Nitakueleza kwa jina moja: Yukiko Ueno. Mwaka 2008 alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili. Ushindi wa fainali ile uliletwa na mkono wa mrushaji kabla ya gongo la mtu yeyote.

#8 Nagoya_kwa_Muda

Mrushaji hafungi pointi, Kocha. Eri Yamada alipiga mpira ukavuka uzio katika fainali hiyo hiyo, na yeye anatoka nchi ya hesabu zile za jioni.

#9 MpendaTakwimu

Ninyi nyote mnazungumzia mpigo, ilhali nusu ya kazi hufanyika kabla mpigo haujaanza. Kumbukeni Jennie Finch, mrushaji wa softiboli wa Marekani, alivyomtoa Albert Pujols kwenye Olimpiki ya Athens. Pujols wakati ule alikuwa miongoni mwa wapigaji wakali kabisa wa besiboli duniani, mwenye umbo la mpigo la kuwekwa kwenye makumbusho, na hakuugusa mpira. Nyonga yake haikuwa imeharibika siku ile.

#10 FundiMizani

Hoja ni nzuri ila mahali sipo, mkuu. Haikuwa Olimpiki, na Olimpiki haichanganyi wanaume wa besiboli na wanawake wa softiboli. Ilikuwa mchezo wa maonyesho huko California, mwaka huo huo wa 2004.

#11 MpendaTakwimu

Nimekubali kusahihishwa, mwaka nilipata. Hoja yangu haijahama. Pujols alikuwa amejaza kichwani maelfu ya mikono inayotupa mpira kutoka juu ya bega, na mwili wake ulijua mpira utafika wapi kwa kutazama bega na kiwiko kabla haujaachiwa. Mbele ya mkono unaotoka nyongani hakuwa na maktaba. Binti wa BabaNeema ana tatizo hilo hilo kwa kiasi kidogo: mpira wa kwenye kisimamio haumfundishi kumsoma mtu.

#12 DadaWaRede

Hapo MpendaTakwimu amenigusa. Nilikulia Dar es Salaam, na kwenye rede ukiwa katikati hukai unautazama mpira, kwa sababu ukiusubiri mpira umeshapigwa. Unalitazama bega la aliyeushika, na wajanja zaidi hutazama mguu anaoukanyagia. Nilipoanza kuwafundisha wasichana softiboli kidogo kidogo, wale waliokuwa hatari kwenye rede waliushinda mpira wa kurushwa haraka kuliko wenye misuli, ingawa mpigo wao wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha, kama wa kumfukuza kuku jikoni. Walipiga kwa mikono mitupu bila kiuno, lakini walipiga kwa wakati.

Zoezi ninalolipenda halina gongo kabisa. Mrushaji anapojipasha moto, mpigaji husimama kwenye nafasi yake akiwa amevaa kofia ngumu, na kila mpira unapoachiwa husema "ndiyo" au "hapana" kabla haujafika nusu ya njia. Wiki ya kwanza wote husema "ndiyo" wakiwa wamechelewa. Baadaye sauti huanza kutangulia.

#13 MwalimuWaZamu

Dada, hapo umeisaidia hoja yangu na kuiumiza kwa wakati mmoja. Kumbe waliokulia kwenye mchezo walikuwa na macho lakini hawakuwa na kiuno. Je, slasha haikuwafikia huko Dar?

#14 DadaWaRede

Ilitufikia kama adhabu, Mwalimu. Adhabu haifundishi kiuno.

#15 KochaWaKampala

Mimi nafundisha Kampala, na wachezaji wangu wengi hutoka kwenye netiboli. Ni wanamichezo wa kweli: wanaruka, wanadaka, wanatupa mbali, na wana pumzi. Kama nadharia ya "jenga mwili, mpigo utajipata" ingekuwa kweli, hawa wangekuwa wa kwanza kuithibitisha. Badala yake huja na ugonjwa mmoja unaofanana. Sheria ya netiboli inamruhusu mchezaji kuzunguka juu ya mguu alioutua, lakini haimruhusu kuuburuza wala kuruka juu yake, kwa hiyo miaka mingi imewafundisha kwamba kuzunguka ni kubaki palepale. Wakishika gongo, wanaponda mende bila kuambiwa na mtu. Ukiwaambia wapeleke uzito mbele ndipo wazunguke, mwili unakataa kama unaogopa filimbi ya mwamuzi.

Kwa hiyo uanamichezo si gunia moja la nguvu unalolibeba kutoka mchezo huu hadi ule. Kila mchezo huacha tabia zake mwilini, nyingine zinasaidia na nyingine lazima zifumuliwe kwa mkono. Hao wa netiboli nilianza kwa kuwafanya watembee: hatua mbili kumwelekea mrushaji, kisha wapige wakiwa bado wanakwenda. Sikugusa kiwiko cha mtu kwa mwezi mzima.

#16 BabaNeema

Nawashukuru. Macho yamepimwa, BiTanga, yako salama. Video nimeitazama mara nyingi mpaka simu ikapata moto, na nitaeleza ninachokiona kwa sababu sitaki kumwanika mtoto mtandaoni.

Nimeisimamisha picha kwa picha. Mpira unapokaribia kibao, kiwiko chake cha nyuma kimeshapita mbele ya mbavu na kinaelekea kitovuni, ilhali mikono iliyoshika gongo bado iko karibu na bega la nyuma, na ncha ya gongo inaning'inia chini kama mkia wa ng'ombe. Gongo linapofika mpira uko karibu kabisa na mwili, au umeshapita. Kwenye kisimamio jambo hilo halionekani, kwa sababu mpira unamsubiri.

#17 KochaMsaidizi_TX

Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kiwiko kinachotangulia mikono ni maradhi ya kawaida kabisa kwa wapigaji wa umri huo, na wengi wanayatibu kwa kupiga kelele "mikono mbele", jambo ambalo halisaidii, kwa sababu kiwiko hakikutangulia kwa utundu. Kimetangulia kwa kuwa gongo limebaki nyuma na mwili umetafuta njia ya kulivuta. Niambie urefu na uzito wa gongo lake.

#18 BabaNeema

Ni inchi 33, aunsi 23. Nililinunua mwaka jana. Bei yake ni ya kumfanya mtu afikiri, kwa hiyo nikachukua kubwa ili alikue.

#19 BiTanga

Baba Neema! Umemnunulia mtoto gongo kama sare ya kidato cha kwanza.

#20 KochaMsaidizi_TX

BiTanga ameshamaliza kazi yangu. Gongo refu kuliko yote linaloruhusiwa ni inchi 34, kwa hiyo mtoto wa miaka 13 anazungusha gongo lililopungukiwa inchi moja tu na la mwanamke mzima wa timu ya taifa. Kipimo cha kienyeji ni kumwambia alishike kwenye mpini kwa mkono mmoja, alinyooshe pembeni usawa wa bega, kisha uhesabu hadi 20. Ncha ikianza kutetemeka na kushuka mapema, gongo si lake bado.

#21 FundiMizani

Naongeza kwamba aunsi zilizoandikwa kwenye gongo hazisemi yote. Tofauti ya aunsi mbili ni gramu 57 tu, uzito wa yai la kuku, na mtu anaweza kudhani haina maana. Lakini ugumu wa kuzungusha hutegemea uzito huo uko umbali gani kutoka mikononi, na umbali huingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Yai lililo kwenye mpini halisikiki, na yai hilo hilo likiwekwa kwenye ncha linakuwa kizuizi. Gongo fupi kwa inchi mbili litafika mapema, na kufika mapema katika nusu sekunde ni kila kitu. Linapoteza kidogo nguvu ya kugonga, nakiri, lakini kugonga kunadai kwanza kukutana.

#22 MpendaTakwimu

Kwa hiyo kurasa zote hizi za falsafa, na mkosaji ni risiti ya duka?

#23 TabibuWaViungo

Nisingeharakisha kuufunga uzi. Natibu viungo, si kocha, na nimekuwa nikiwasoma kimya kimya tangu jana. Kuna jambo ambalo Nagoya na Mwalimu wote wawili wamelikaribia bila kulitaja. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa mwendo Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wa Moscow wakigonga patasi kwa nyundo. Hawa walikuwa watu waliogonga maelfu ya mara kila wiki. Alichokiona ni kwamba pigo hadi pigo, bega na kiwiko havikupita njia ile ile, ila kichwa cha nyundo kilifika palepale. Viungo vilikuwa vikifidiana makosa. Aliyataja mazoezi kuwa ni kurudia bila kurudia.

Ikiwa ni hivyo, basi wale wasichana wa mizunguko 200 ya jioni hawakuwa wakirudia kitu kimoja kama walivyodhani, na mfyekaji wa Mwalimu hakuwa na umbo moja bali alikuwa na njia nyingi za kulifikia lengo moja. Kwa mtoto huyu ningebadilisha mambo kila mara: mpira wa tenisi kisha mpira wa kikapu uliotolewa upepo, kisimamio juu kisha chini, kusimama karibu kisha mbali. Ningemwambia aupeleke mpira juu ya kichwa cha mlinzi, na nisingemtajia kiwiko hata mara moja. Gabriele Wulf amechunguza suala hili kwa miaka mingi, na matokeo yake yanaelekea upande mmoja: mtu anayeelekeza mawazo kwenye lengo la nje kwa kawaida hutenda vizuri kuliko anayewaza viungo vyake.

#24 Nagoya_kwa_Muda

Tabibu, yule mwalimu wa Nagoya hakutaja kiwiko pia. Alikigusa tu kwa vidole viwili.

#25 TabibuWaViungo

Hilo nalipokea. Kugusa si sawa na kusema, na sina jibu la haraka.

#26 KochaWaKampala

Mimi ninalo pingamizi. Mafundi wa Bernstein walikuwa wameshakuwa mafundi. Mtoto ambaye kiwiko chake kimekuwa kikitangulia kwa mwaka mzima naye ana njia nyingi za kufikia lengo, ila zote ni mbovu. Ukimpa mipira ya aina kumi atajifunza kutangulia kiwiko kwa namna kumi. Lazima mtu ampitishe kwanza mahali pazuri, hata kwa dakika tano, ili mwili uonje tofauti.

#27 MwalimuWaZamu

Na nguvu je? Mnasahau kwamba mtu dhaifu hana uchaguzi wa njia. Jocelyn Alo, aliyepiga mipira 122 ya kuvuka uzio akiwa Chuo Kikuu cha Oklahoma kati ya 2018 na 2022 na kuipita rekodi ya Lauren Chamberlain ya 95, alikuwa pia mcheza mieleka alipokuwa sekondari huko Hawaii. Anayejua kumwinua mwenzake kwa nyonga na kumgeuza hana haja ya kuelezwa nyonga ni nini.

#28 FundiMizani

Chamberlain naye alicheza Oklahoma, Mwalimu. Rekodi zote mbili zimetoka kwenye chuo kimoja, chini ya kocha mkuu yule yule. Ningeogopa kuipa mieleka sifa yote.

#29 DadaWaRede

BabaNeema, kabla hujabadilisha walimu, badilisha gongo, na umpe siku mbili kwa wiki za "ndiyo" na "hapana". Ukibadilisha vitu vitano kwa siku moja hutajua kipi kilichomsaidia.

#30 BabaNeema

Ushauri wa Dada nimeuchelewa. Jumatano nilimwazimia gongo la inchi 31 na aunsi 21 kutoka kwa mwenzake, Alhamisi akafanya "ndiyo" na "hapana", Ijumaa nikampigisha mpira wa kikapu uliotolewa upepo kama alivyosema Tabibu, na Jumamosi tukaenda kwenye mashindano. Alisimama kupiga mara tano. Mara moja alitolewa kwa straiki tatu, mara mbili mpira ulitambaa kama kawaida yake ingawa safari hii kuelekea upande mwingine, na mara moja aliupiga ukapaa nyuma ya uzio wa watazamaji. Mara ya tano aliupiga mpira ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo hadi uwanja wa nje, na msichana wa upande wa pili akaudaka bila kusogea.

Kocha wa timu alinipungia mkono akisema ni mende. Mwalimu wa kulipwa, ambaye alitumiwa habari na mke wangu, amejibu kwamba kuni zimeanza kupasuka. Binamu ameandika neno moja tu, kiuno.

#31 KochaMsaidizi_TX

Hongera kwake, kudakwa kwa mpira wa namna hiyo si aibu. Kiwiko je? Kilitangulia?

#32 FundiMizani

Na mpira huo wa tano ulivuka kibao kwenye urefu gani? Kama ulikuwa wa kifuani, gongo fupi ndilo lililofanya kazi, kwa sababu huko ndiko anakochelewa zaidi. Kama ulikuwa wa magotini, nitalazimika kurudi kwenye hesabu yangu.

#33 BabaNeema

Neema anasema ulikuwa wa juu. Mdakaji wa timu yao anasema ulikuwa wa kiunoni. Video sina, maana wakati huo nilikuwa bado nazunguka kutafuta mahali pa kuegesha gari.